Siku Gervais Alipoitika Bondeni

Tulimzika kaka yangu Gervais Jumanne ya juma la pili la Kwaresima. Kati ya watu waliokuja kunishika mkono pale makaburini, watatu waliniinamia sikioni wakasema jambo lile lile: "Si aliitika kule bondeni, Lina? Ilikuwa lazima ile sauti imfuate." Miaka kumi na miwili walikuwa wakiingoja. Kaka alikufa kwa ugonjwa wa sukari, na daktari aliandika hivyo kwenye karatasi, lakini kijijini kwetu daktari huandika yake na watu huandika yao. Basi na mimi naandika. Siku ile tulikuwa watu watatu tu kule bondeni. Mmoja yuko kaburini, mwingine yuko kwao Denmark, nimebaki mimi.

Gervais alikuwa mwongoza njia. Alipandisha watu mpaka Ziwa Linalochemka na kuwarudisha wazima kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, hakuoa, na Jumapili aliimba sauti nzito kanisani huku akikosea maneno ya Kilatini kwa nguvu zote. Kila safari alibeba panga, kamba, na mayai manane ndani ya kopo lililotandikwa majani, maana watu wanaokwenda kule hupenda kuona yai likiiva kwenye maji ya ardhini. Mvua aliisikia kabla haijafika. Alikuwa akisimama katikati ya mazungumzo, akainua kidole, na kweli, baada ya muda mdogo ilikuwa ikipiga bati.

Ziwa lenyewe si tabu. Tabu ni bonde unalolivuka kabla ya kulifikia. Kule hakuna mti mzima. Mawe ni ya njano na meupe, maji ya mito ni meusi au ya kijivu, na ardhi inapumua kwa matundu yanayonguruma kama sufuria kubwa. Kuna harufu ya kiberiti, ile ile ya Maandiko. Mahali pengine unaona udongo mkavu, ukikanyaga unapasuka kama ganda la mkate, na chini yake kuna uji unaochemka.

Na kule watu hawaitani majina. Tuliambiwa na wazazi wetu, nao waliambiwa na wao, kwamba chini ya ule mvuke wapo wanaosikiliza. Wakilipata jina lako watakuita, tena kwa sauti ya mtu unayemjua. Wataita mara moja, wataita mara mbili. Ya tatu hawaiwezi. Ukiitika kabla ya ile ya tatu umejitoa mwenyewe. Ndiyo maana tukiwa bondeni tunagonga mawe. Mara mbili ni kuuliza, uko wapi? Mara tatu ni kusema, nimepatikana na jambo, njooni. Padre alilikemea hilo zaidi ya mara moja, nasi tukamwitikia amina, tukaendelea kugonga.

Siku ile ya mwezi wa pili, meli ya matanga ya wanafunzi ilitia nanga bandarini Roseau alfajiri. Walipewa siku moja ya kushuka nchi kavu, wawe wamerudi saa kumi na moja jioni. Wengi walikwenda ufukweni. Msichana mmoja, Signe, mwenye miaka kumi na tisa, akapanda gari la abiria mpaka kwetu na daftari lake na kipimajoto kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Alitaka kupima joto la bonde kwa ajili ya masomo yake.

Mama yetu alikuwa bado hai. Alimtazama yule msichana, akamtazama Gervais.

"Peke yake na wewe, msituni, siku nzima? Si katika nyumba hii," akasema. "Lina! Vaa viatu."

"Mama, nina nguo kwenye beseni."

"Nguo hazina miguu, hazitakwenda popote. Lina, na koti lako!"

Hivyo ndivyo Signe alivyolijua jina langu. Mama alimnywesha kikombe cha kakao ya moto, akampa mkate wa muhogo, na akamfungia mwingine kwenye kitambaa kwa sababu, alisema, mtoto huyu amelishwa na upepo tu huko baharini.

Sikutaka kwenda. Nilifika kule mara moja tu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikarudi nikaapa. Lakini kwetu mtu habishani na Mama akishataja viatu.

Mtoni, mahali pa mwisho pa maji baridi, Gervais alimpa Signe mawe mawili ya ukubwa wa yai akamfundisha kugonga. Alimweleza habari ya majina bila kucheka. Signe naye hakucheka, nikampenda kwa hilo.

"Na nikiteleza, nigonge mara ngapi?" akauliza.

"Ukiteleza usijisumbue," Gervais akasema. "Tutayasikia makalio."

Njia nzima Signe hakutaja jina hata moja. Alituita dada na kaka kama tulivyoitana sisi, na akitaka kitu aligonga mawe yake, tena kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Kumbuka hilo, maana kosa langu lilitokana nalo.

Tulikula mayai juu ya jiwe moja mle bondeni, tukavuka, tukaona ziwa likitokota chini yetu kama uji wa kijivu unaopinduka, na mpaka hapo niliamini Mungu amenisamehe woga wangu. Wakati wa kurudi, Gervais alikuwa mbele, Signe katikati, mimi mkia. Tulikuwa tumeanza kuliacha bonde nilipomwona kaka akisimama na kuinua kidole. Kisha akaongeza mwendo bila kusema.

Papo hapo Signe akanigeukia. "Dada, daftari! Nimeliacha kwenye lile jiwe la mayai."

"Kaka atakasirika."

"Si mbali. Nitarudi kabla hajageuka."

Jiwe la mayai nililiona kwa macho yangu. Mtoto alikuwa amevuka bahari nzima kwa ajili ya yale maandishi. Nikampisha njia. Ningeweza kugonga mawe kaka asimame. Sikugonga, kwa sababu niliogopa kufokewa.

Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakutana na mvuke wa bonde, na kwa muda wa kusema Baba Yetu moja jiwe la mayai halikuwepo, Signe hakuwepo, na mkono wangu mwenyewe niliuona kama wa mtu mwingine. Mvua ikaanza. Gervais akatokea mbele yangu.

"Yuko wapi?"

Nikaonyesha.

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Alichukua mawe akagonga mara mbili, akasikiliza. Akagonga tena. Matundu yalinguruma, mvua ikaanguka kwenye maji ya moto ikawa kama kitu kikubwa kinachokaangwa. Jibu halikuja. Akagonga mpaka mara ya tano.

Ndipo nikasikia.

"Liina."

Sauti ilitoka kushoto, chini, upande ambao njia haiendi. Ilikuwa nyembamba, haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. Nilimrukia kaka yangu nikamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usiitike," nikamnong'oneza. "Si yeye. Yeye hataji majina."

"Lina." Mara ya pili, na nyuma yake kikohozi.

Tukangoja ya tatu. Nasema kweli mbele ya Mungu, sijawahi kuingoja sauti namna ile, na sijawahi kuiogopa namna ile. Kama itakuja, ni mtoto wa watu. Kama haitakuja, tumenusurika. Haikuja. Nikaanza kushukuru, ndiyo, nilianza kumshukuru Mama Maria kwamba tumenusurika, na Signe yuko ndani ya ule moshi.

Gervais akaiondoa mikono yangu taratibu.

"Kwa nini hagongi mawe?" akasema.

"Kwa sababu si yeye, kaka! Si ulimfundisha?"

"Au hana mikono ya kugongea."

Nilitikisa kichwa. Nilimshika mkanda. Nilimwambia afikirie Mama, afikirie mimi, nikamwambia ataniacha na nani.

"Lina," akasema. Alilitaja jina langu mle bondeni, waziwazi, jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulifanya. "Umesikia kile kikohozi? Mashetani hayakohoi kwa moshi huu. Yamezaliwa humu humu."

Meno yake yalikuwa yakigongana. Naandika hili kwa sababu watu husema Gervais hakuwa na hofu. Alikuwa nayo, niliiona. Akapiga ishara ya msalaba, akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Nipo! Ni mimi Gervais! Nipo, nakuja!"

Akanitia mawe mikononi. "Gonga, usiache hata kidogo. Nitarudi kwa kufuata mawe yako." Akaanza kushuka akijaribu ardhi kwa ncha ya panga, hatua kwa hatua, na ukungu ukamla kuanzia miguuni.

Niligonga. Nilisali rozari kwa mawe, kila Salamu Maria pigo moja. Kidole changu kilipasuka kati ya mawe nikaendelea kugonga, damu na mvua vikawa kitu kimoja. Wakati mwingine niliisikia sauti ya kaka, wakati mwingine kitu kinachopasuka, na kila kitu kilipopasuka nilijua ni yeye amezama. Nilimaliza makumi matatu ya rozari. Katika la nne sikusikia tena sauti ya mtu yeyote, nikagonga tu, bila maneno.

Alitokea nyuma yangu, si mbele. Alikuwa amembeba Signe mgongoni kama mzigo wa kuni. Ardhi ilimpasukia yule binti chini ya goti moja, akajikinga kwa mikono, na mikono yote miwili ikaingia kwenye tope la moto mpaka juu ya vifundo vya mikono. Alikuwa amekwama pembeni ya shimo, mawe yake yamezama, akimeza moshi. Aliisikia milio yetu yote. Hakuwa na cha kujibia isipokuwa mdomo, na jina pekee lililomjia lilikuwa langu.

"Dada," akasema. "Nilikuita."

"Nilisikia," nikamwambia.

Hakuuliza zaidi. Mpaka leo natamani angeuliza.

Mtoni tuliizamisha mikono yake kwenye maji baridi kwa muda mrefu, nikaifunga kwa kilemba changu kilicholowa. Gervais alimbeba kupanda na kushuka, akimsimulia ujinga wa kila namna ili asilale. "Wewe ni mzito kuliko ulivyoonekana asubuhi. Ni ule mkate wa Mama." Gari la jirani lilitushusha hospitali. Meli haikuondoka jioni ile, iliondoka keshokutwa yake, na Signe alisimama ukingoni na mabandeji meupe mikononi kama mpiganaji wa ngumi. Miezi saba baadaye ilikuja barua yenye herufi kubwa zilizopinda. Sentensi ya kwanza ilisema, "Kaka, dada, nimeanza kushika kalamu."

Kijijini habari ilikwishafika kabla yetu. Ma Nestor wa dukani alimtazama kaka akinunua sabuni, akamwambia, "Gervais, umewapa jina na sauti! Ungewapa na anwani kabisa." Watu wakacheka. Kaka akacheka pia, akasema anwani wanayo, ni majirani zetu.

Lakini nyumbani hakucheka. Alianza kulala taa ikiwaka. Hakupenda mtu apite nyuma yake. Jioni moja, tukimenya ndizi mbichi, aliniuliza bila kuinua macho, "Lina, unadhani walilishika?" Nikamwambia kwamba jina lake lilishikwa siku ya ubatizo wake na halina nafasi ya mkono mwingine. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alipanda tena na watu wawili na mayai manane. Kila siku aliyopanda baada ya hapo alipanda akiogopa, na alipanda miaka kumi zaidi, mpaka sukari ilipomla mguu.

Tangu siku ile mimi nikiitwa huitika mara ya kwanza. Hata kama nina sabuni machoni. Kaka alipokuwa hatoki tena kitandani aliniita mara nyingi, maji, mto, mlango, na hakulazimika kuita mara mbili. Asubuhi ya mwisho aliita mara moja, kwa sauti isiyojaza kikombe. Nilikuwa uani. Nilifika akiwa bado ananiona.

Jana saa kumi nilikuwa bombani naosha majimbi. Hakukuwa na mtu, majirani wote walikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Nikasikia jina langu kutoka migombani, mara moja, kwa sauti yake. Si mfano wa sauti yake. Yake.

Niliyaacha majimbi ndani ya maji. Nilijua ninachotakiwa kufanya, kungoja mpaka ya tatu, kila mtoto wa kwetu anajua. Nikafikiri, kama ni wao, basi wanajua pa kunipata, na Mungu pia anajua. Kama ni yeye, sitamwacha angoje kama nilivyomwacha yule binti.

"Nipo, kaka," nikasema.

Majani ya migomba yalitikisika, au sikuyaona vizuri. Kuku walikuwa wakiparua. Nilikaa pale pale mpaka kengele ya kanisa, kisha nikamaliza majimbi, nikayabandika jikoni.