Baridi ya Kanada Niliyoifuata Dindira

Mpaka leo nikisikia mtu anataja Kanada nainamisha kichwa na kujifanya natafuta spana iliyoanguka, kwa sababu najua kuna watu huko Dindira wasioweza kulisikia jina hilo bila kunikumbuka, na kuna wachache miongoni mwao ambao bado wanaamini kwamba mimi si mtu. Ninaandika kwa sababu aibu hii imeshasimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza mkia (hapa kwetu Kwaluguru, Handeni, kuna namna moja ya kuisimulia ambamo nina pembe), kwa hiyo ni afadhali mtu aipate kwangu mwenyewe niliyekuwa ndani ya koti.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Shule yangu iliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha: injini nilizijua kwa kuzifungua, na Kiingereza nilikipata kwa kukaa na vitabu vya maelekezo ya injini huku kamusi iko gotini, ndiyo maana naweza kueleza kwa Kiingereza kizuri namna ya kubadilisha ringi za pistoni lakini sijui kumpa mfiwa pole. Sisi tuliojifundisha wenyewe tuna ugonjwa mmoja. Tunaamini kila tatizo lina sababu moja, na ukiipata hiyo ukaifungua na kuisafisha, mashine itanguruma.

Sasa, jirani yangu ana mtoto wake Kanada, nitamwita Salimu (si jina lake, na mbele mtaona kwa nini nimelificha). Salimu hutuma picha amesimama kwenye theluji, na mama yake huzipitisha nyumba kwa nyumba. Nikamuuliza kwa simu kama mtu anayejua injini anaweza kupata kazi kwenye mashamba ya kule, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Fundi, kazi zipo. Tatizo la huku ni baridi tu. Baridi hii inamrudisha mtu kwao."

Mwenye akili angeuliza mengine. Mimi niliusikiliza ule ujumbe tena na tena, kama ninavyosikiliza injini yenye kasoro, nikafikia hitimisho: kama tatizo ni baridi tu, anayeishinda baridi amemaliza tatizo. Pasipoti, viza, nauli, mwajiri, vyote hivyo niliviona kama boliti za kifuniko, kazi ya mwisho ambayo hata msaidizi anaweza kuifanya. Nilishaanza kuiona nyumba ya matofali, nilishaanza kuwaonea huruma majirani zangu.

Baridi Kwaluguru hakuna. Lakini dada yangu Mwanahamisi aliolewa milimani Dindira, na msimu wa kipupwe ukungu wa kule unashuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Nikamuaga mke wangu kwamba naenda kumsalimia dada (kweli nusu), nikashuka Korogwe, na pale kwenye mitumba nikanunua koti. Sijawahi kuona koti kama lile. Lilikuwa refu mpaka chini ya magoti, limejazwa pamba, lina kofia yake yenye manyoya inayomeza kichwa chote, na kifuani na mikononi limeshonewa mikanda ya kijivu iliyofifia ambayo niliidhania urembo. Muuzaji alisema, "Mzee, hili lilikuwa la mtu wa barabarani huko kwao," nikafurahi kwamba lilikuwa na uzoefu.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Kwetu safari ya nje haitangazwi. Mtu anaaga akiwa ameshafika, kwa kuogopa vijicho. Nikaamua hata Mwanahamisi asijue. Koti nililificha kwenye banda bovu la ng'ombe nje ya kijiji, pamoja na boshori na glovu. Alfajiri naondoka nyumbani, dada anajua nimekwenda msikitini, na kweli naswali, halafu badala ya kurudi napita bandani, navaa, naingia kwenye njia za mashamba ya chai, naiacha baridi inifanyie kazi yake mpaka jua linapokaribia kutoka. Tochi sikutumia, nisije nikaonekana. Na ili nisipoteze muda nikawa nafanya mazoezi ya mahojiano: nauliza kwa sauti nzito ya bosi niliyemtunga, najibu kwa sauti yangu, Kiingereza kitupu, huku mvuke unanitoka mdomoni. Wakati mwingine bosi alinikasirikia.

Siku za mwanzo nilikuwa na furaha tu. Kisha nikaanza kuona mambo.

Kwanza mbwa. Walikuwa wakinibwekea, halafu asubuhi moja wakanyamaza wote kwa pamoja, nikawasikia wakijikokota kuingia uvunguni mwa mabanda. Kisha wachuma chai, akina mama ambao hupita alfajiri wakiongea na kucheka na vikapu vyao mgongoni, hawakupita tena. Nilitembea katikati ya mashamba yale nikisikia maji ya ukungu yakidondoka kwenye majani, na mara nyingine, nyuma yangu, hatua. Nikisimama zinasimama. Nikiita "Nani?" hakuna jibu, ila kitu kama pumzi iliyozuiwa.

Jioni tukiwa jikoni Mwanahamisi akaniambia, mkono ukiwa bado kwenye mwiko, "Kaka, huko msikitini uwe unarudi na wenzako. Kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Hakuna anayejua. Hakina shingo. Kinatembea kwenye chai alfajiri, kinajibishana na wafu kwa lugha isiyojulikana, sauti mbili ndani ya mwili mmoja. Aliyekimulika tochi kwa mbali anasema kina mikanda ya moto kifuani."

Najua ninyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, naapa. Nilijifahamu kama mtu mzima aliyevaa koti anayejifunza lugha. Sikuwa na shaka kwamba shingo ninayo. Na ile mikanda nilikuwa naiona kwa mwanga wa asubuhi tu, kijivu, imechoka. Nikamwambia dada kwamba mambo hayo ni woga wa watu, kisha usiku nikalala vibaya, maana nilikumbuka zile hatua.

Nikaamua kufanya uchunguzi kama nifanyavyo kwa mashine. Waliniambia kitu kinaonekana njia ya juu ya mashamba, basi nikahamia njia ya chini, ya kisimani. Jioni yake shemeji Hoza, mume wa Mwanahamisi, akaingia bila hata kuvua viatu: "Kimehamia kisimani." Nikahamia njia ya zahanati. Kesho yake kikaonekana zahanati. Nikabadilisha tena, nikachagua kijia ambacho sikumwambia mtu, kijia cha mbuzi, na jioni ile wakasema kimepita huko huko, polepole, kikiomba kazi. (Mtu mmoja alikuwa anajua Kiingereza kidogo.)

Nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mimi si mtu wa kuamini majini, lakini ushahidi nilikuwa nao: popote nilipohamia, nacho kilihamia. Nilifikia hitimisho la pili katika safari ile, la kijinga sawa na la kwanza, kwamba kitu kile kilikuwa kinanifuata mimi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kati ya swali la bosi na jibu langu.

Ningeondoka siku ile, na isingekuwa aibu kubwa, kama si mama mkwe wa Mwanahamisi. Alikuja akasimama uani, hakuingia. Akamwita mwanawe Hoza, akasema kwa sauti ya kutosha sisi wote kusikia:

"Kitu hiki hakikuwepo. Watu wanauliza kimetoka wapi, na mimi nawauliza, mke wako ametoka wapi?"

"Mama, yaishe hayo."

"Hayajaisha. Handeni kila mtu anajua kuna nini. Kuna watu wanafuga majini. Ukoo umekaa, Hoza. Kikionekana tena, huyu arudi kwao akakifugie huko."

Mwanahamisi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso, ila ungo ulisimama. Hoza hakumtazama mkewe, na mimi nikaelewa kwamba nyumba ya dada yangu sasa inategemea alfajiri moja.

Hivyo nikakusudia kukikamata. Nilijiambia nitakikabili kwa sababu kinanifuata mimi, nitakiona ni nini, mtu au mnyama, nitapiga kelele watu waje, na jina la Mwanahamisi litasafishika. Na kwa vile baridi ilikuwa kali kuliko siku zote (hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke) nikavaa koti.

Nilikaa kwenye jiwe pale njia zinapokutana. Ukungu ulikuwa mzito, mkono wangu mwenyewe siuoni. Nikangoja. Nikasikia hatua, nyingi, kutoka kila upande, kisha kimya, kisha pumzi zile zilizozuiwa. Nikasimama. Kwa woga nikakisemesha kwa lugha niliyodhani kinaielewa, nikakiuliza kwa Kiingereza kinataka nini kwangu.

Mtu akalia. Tochi zikawaka zote kwa pamoja.

Nikatazama chini, nikaona moto. Kifuani pangu, mikononi mwangu, ile mikanda ya kijivu inaurudisha mwanga wa tochi, inawaka myeupe kwenye ukungu kana kwamba ndani ya koti hakuna mtu. Hata mimi nilipiga yowe nikajaribu kujikimbia, na hapo wavu wa kuwindia nguruwe ukanishukia, nikaanguka kwenye mitaro ya chai nikiita kwa lugha ya mama yangu, Kizigua. Hilo ndilo lililoniokoa na mapanga. Mmoja alisema, "Ngojeni, kinalia." Mwingine akavuta kofia, halafu boshori.

"Kaka?" Alikuwa Mwanahamisi. Walikuwa wamemleta ili kitu kikamatwe mbele yake.

Walinipeleka mbele ya ofisi ya kijiji na wavu wangu. Kulipopambazuka kijiji kizima kilikuwa pale, na mwenyekiti akaanza kunihoji, mahojiano ya kwanza ya kweli maishani mwangu.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye chai?"

"Mazoezi ya baridi."

"Ya nini?"

"Naenda Kanada."

"Una pasipoti?"

"Bado."

"Kuna aliyekuita?"

"Bado."

Mwenyekiti akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Kwa hiyo huna pasipoti, hujaitwa, lakini baridi unayo."

Ningefurahi wangecheka. Hawakucheka, hawakuniamini. Mama mkwe akasema hayo ni maneno ya kufundishwa, dada na kaka lao moja, na wazee wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Yaani zimwi lilikuwa rahisi kuaminika kuliko mimi. Nikaona Mwanahamisi anafunga kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kutembea mbali, nikapiga kelele, "Mpigieni Salimu! Yuko huko huko, atawaambia!"

Mwenyekiti akachukua simu yangu, akapanda kwenye kichuguu penye mtandao, akapiga na kuiweka kwenye spika. Huko ilikuwa bado jana usiku.

"Fundi?" sauti ya Salimu ikatoka. "Kuna msiba?"

Mwenyekiti akamweleza.

"Anakuja huku kwa nani?" Salimu akauliza.

"Kwa baridi!" kijana mmoja akadakia, na hapo wakacheka, kicheko kilichopanda mlima na kurudi.

"Fundi, unanisikia? Usije. Mimi nimelala kwa watu, kwenye korido. Kazi naitwa wakinihitaji, wasiponihitaji sitoki nje, karatasi zangu zimeisha muda. Nilikuambia baridi kwa sababu baridi ndiyo kitu pekee ninachoweza kumwambia mtu wa nyumbani. Mengine nikimwambia mmoja, mama atasikia." Akavuta pumzi. "Mama yangu hayupo hapo?"

"Hayupo," mwenyekiti akasema.

"Basi mumfichie. Na fundi msimpige, ni mtu mzuri, anasoma sana."

Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Hakuna aliyejua atazame wapi. Wazee wakaona aibu ya kusikia siri ya mtoto wa watu, na aibu ile ikawaamulia shauri haraka kuliko maneno yangu yote. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kugeuka. Alimpita Mwanahamisi bila kumwomba radhi, ila alimgusa bega, akasema, "Haya, mtoe mtu wa Kanada kwenye wavu, akanywe uji." Kisha akaenda zake.

Nilitaka kuondoka siku ile ile. Mwanahamisi alinisindikiza mpaka penye bodaboda, ameshika mfuko wangu. Nilipoanza kuomba msamaha akanikatiza.

"Kaka, mimi nilikuja hapa msichana. Kisambaa cha watu wa hapa nakijua kuliko wanangu. Nimezaa hapa, nimelima nao, nimelia kwenye misiba yao yote. Siku chache tu za ukungu mbaya, wote wakakumbuka natoka wapi." Akaweka mfuko kwenye pikipiki. "Na hapa ni mwendo wa siku moja tu kutoka kwetu. Sasa wewe ulikokuwa unaenda, ungekuwa nani?"

Swali lile, kwa mara ya kwanza, sikulitafutia jibu kitabuni.

Basi nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja: sitafanya tena jambo la siri mahali ambapo ndugu yangu anahesabiwa mgeni. Siku hizi nikienda Dindira naenda mchana kweupe. Nabisha kila mlango, natoa shikamoo moja moja, nasema jina langu na la baba yangu, na Mwanahamisi anatembea mbele yangu taratibu sana, hana haraka hata kidogo, mpaka kila mtu aone ana watu wake.