Makuza na Mufuko wa Kupanda ku Mwezi

Makuza wa Burungu alichunga ngombe tangu utoto. Miguu yake ilipenda kutembea, lakini wakati ule mutu hakutoka teritware, wilaya yake, bila karatasi ya Muzungu. Mara tatu aliomba karatasi aende kuona inchi. Mara tatu bakamujibu: «Kazi ya barabara inakungoja, beba jembe.» Kushoto mulima, kuume mulima, mbele polisi ku bariere, muti wenye kufunga njia.

Mwaka 1957, muganga wa dispansere alisikia ku redio yake: Barusi balitupa chuma juu na moto, inazunguka dunia. Sisi tukashangaa. Makuza akacheka tu.

«Moto mingi ya nini? Moshi inapanda yenyewe. Uifunge mu mufuko mukubwa, itakubeba mupaka ku mwezi. Kule hakuna polisi.»

«Na maziwa utatoa wapi kule?» nikamuuliza, miye fundi wa kushona nguo wa kijiji. «Utakamua mwezi?»

«Kaka, weye shona tu!»

Nikashona mashuka yake yote kuwa mufuko moja. Masisi nzima, mupaka Walikale, hakuna mukono inashona sawa wangu, na masomo nilikimbia mwaka wa pili! Bale balimaliza masomo, bashone hata kifungo tuone.

Lakini moshi ilipita mu kitambaa. Njo Makuza akaleta siagi ya ngombe, ile tunapaka ku ngozi ili zisipitishe maji. Akapaka mufuko muzima, siagi yote ya miezi mbili. Bibi yake Laurence, mama wa batoto bake, akakasirika.

«Papa, batoto bakule nini?»

«Nikifika nitakuita.»

«Utaniita na koo gani, weye mwenye kukohoa moshi hivi?»

Asubui moja tukawasha moto mu shimo, juu ya kilima. Mufuko ikavimba sawa tumbo ya ngombe. Makuza akaingia mu kitunga chini yake, akashika kamba. Haikunyanyuka. Siagi ilikuwa nzito. Batu bakacheka, na miye nikacheka kupita bote.

Moto ikaendelea, siagi ikaanza kuyeyuka, ikadondoka ku udongo. Kwetu, siagi ikimwangika chini, ngombe inakauka maziwa. Makuza akaona vile, akasahau mwezi. Akaruka inje ya kitunga na kibuyu, akaanza kukinga matone.

«Rudi ndani! Inanyanyuka!» nikapiga kelele.

«Siagi ya Bihogo inapotea!» Bihogo ni ngombe yake ya kwanza.

Mufuko ikawa nyepesi, ikaenda. Ikapita juu ya Muheto, kijiji jirani, ikapita bariere bila karatasi, kitunga tupu inacheza chini, ikaelekea pori ya Walikale.

Kisha siku tatu, polisi bakafika, bamebeba kile kitunga.

«Nani alikuwa ndani?»

«Hakuna mutu, bwana.»

«Na weye ulitaka kwenda wapi?»

Makuza akaonyesha juu na kidole. Bakaandika: anataka kutoroka bila karatasi, achungwe. Tangu siku ile, hata kupeleka ngombe Muheto, aliomba ruhusa kwanza. Kila asubui alienda ku bariere kuonyesha sura yake, halafu anarudi kuchunga, macho chini.