Siku Niliyosema Napima Udongo

Habari hii siipendi, na kila nikiisimulia hasira zinanipanda upya, kwa hiyo wa kucheka acheke mapema tuendelee. Mimi ndiye yule mama aliyeleta rashi ya dhahabu, yaani watu kufurika kuchimba, kule Nyang'hwale, mahali ambapo hapakuwa na dhahabu hata ya kutengenezea kipini cha pua.

Kazi yangu ni ya wanyama. Nakaa Nyasubi, Kahama, na nilikuwa napanga kutega kamera kwenye ngitili moja (yale malisho ambayo kijiji huyafunga ili nyasi zipumzike) si mbali na Kharumwa, hukohuko Nyang'hwale, kwa sababu nilisikia humo kuna kakakuona. Mnyama huyu mwenye magamba watu wanazeeka bila kumtia machoni. Kamera unaifunga kwenye mti, akipita inapiga picha yenyewe, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, alikuwa ameniahidi kwamba nikileta picha moja tu, mkutano utaifunga ile ngitili moja kwa moja, asiingie mtu wa shoka wala wa sururu.

Basi nikazunguka humo nikichagua miti, kila mti unaofaa naufunga utepe mwekundu ili nikirudi na kamera nisihangaike. Jua liliponishinda nikaenda Kharumwa kwa mama lishe, nikaagiza ugali. Meza ya pili walikaa wachimbaji, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mmoja wao, Limbu, akaniamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Tunakuona porini na tepe zako. Unatafuta nini?"

Sasa ningesema kakakuona? Magamba yake yana wanunuzi, na huyu kijana simjui wala hanijui. Nikajiona mjanja.

"Marahaba. Napima udongo tu."

"Wa kilimo?"

"Udongo tu, baba."

Limbu akanawa mikono akaondoka, ugali wake nusu sahani. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana mchimbaji haachi ugali, lakini mimi nikaendelea kutafuna na kujipongeza kwa kutunza siri.

Asubuhi nafika ngitilini na mkoba wangu wa kamera, nakuta pikipiki zimepangwa kama mnadani, maturubai yamesimama, mwanamke mmoja ameshawasha jiko anauza chapati, na kwenye kila mti wenye utepe wangu (kila mti, jamani) watu wanachimba duara, yaani shimo la kushukia kutafuta mali. Nikapiga kelele kwamba hapa hakuna dhahabu. Unajua walinijibu nini? "Mama anatufukuza abaki na mali peke yake." Nikikana wanaamini zaidi. Nikisema naapa, wanaongeza kasi.

Nikakimbilia kwa Mzee Masanja, naye akaitisha mkutano palepale pembeni ya ngitili, akaletewa kiti, mimi nikasimamishwa mbele ya watu wazima wenzangu kama mwizi wa kuku.

"Kama si dhahabu, tepe za nini?" Limbu akauliza.

"Za kamera. Namtafuta kakakuona."

Wakacheka mpaka yule wa chapati akaacha chapati zikaungua. Wakataka nifungue mkoba. Nikatoa kamera moja, nikaiwasha, nikamwelekezea mwenyekiti ili waone ni kamera ya kawaida tu, na hizi kamera ukizijaribu huwa zinawasha kitaa chekundu zikiona kitu kinajongea. Mzee Masanja akajikuna sikio. Kikawaka.

"Kipimo kimesoma," Limbu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani.

Nani angenisikiliza tena? Jamaa mmoja akachora duara lake kuzunguka kiti cha mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe, mtu mzima aliyetakiwa kunitetea, akanyanyuka akachungulia chini ya kiti. Nilitamani kulia kwa hasira.

Mara ikasikika sauti kutoka ngitilini kwamba wamemtoa mnyama shimoni. Tukakimbia wote. Walikuwa wamechimba mpaka kwenye tundu lake, na kakakuona amejikunja pale kwenye kifusi. Sururu zikawekwa chini. Wazee wakaomba maji, unga na mkuki, wakavipanga mbele yake, kwa sababu Wasukuma wakimpata kakakuona humtazama ataelekea wapi ili wajue mwaka unakuja na mvua, mavuno au vita. Simu zote juu. Mimi nyuma kabisa, najaribu kupenya, na mtu ananiambia, "Usisukume, mama, na sisi tunataka kuona." Nikasikia tu shangwe kwamba amekwenda kwenye maji.

Maofisa wa wanyamapori wakaja wakamchukua kwenda kumwachia hifadhini, mbali, kwa usalama wake. Na mkutano uliporudi kukaa, ngitili ile wakagawiwa wachimbaji, kwa kuwa (walisema) mnyama wa kulindwa hayupo tena. Walichimba mpaka miti ikaanguka. Hawakupata hata punje.

Nilimfuata Mzee Masanja nikiwa nafoka. Nikamwambia wamemwondoa mnyama niliyekuja kumwokoa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama, yule kwetu ni mgeni wa heshima," akasema. "Ungesema pale kwa mama lishe kwamba kuna kakakuona, Limbu mwenyewe angekuja kunyang'anya watu sururu. Wewe ulituona sisi wote majangili."

Nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika: nimemkasirikia Limbu, nimemkasirikia mwenyekiti na kiti chake, na nikiwamaliza hao nabaki na mtu mmoja ambaye siwezi kumkwepa. Nimeapa kwamba nikiulizwa tena na mwenyeji natafuta nini kwenye ardhi yake, nitamwambia. Lakini mwezi uliopita nilipita pale. Mashimo yamejaa maji ya mvua, na tundu la kakakuona halijulikani tena ni lipi kati yao.