Sadaka Isiyo na Moshi

Mdomo wangu ulikuwa mrefu nilipokuwa kijana, na hata leo haujapungua sana. Ndio ulioniponza kule kisimani Kirongwe, enzi za Mdachi, mwaka nilipovuna mpunga wangu wa kwanza.

Mimi si mzaliwa wa Mafia. Nililelewa bara, kwa masista, pamoja na watoto wengine waliookotwa na kukombolewa utumwani. Mama yangu simjui hata sura. Uji niliokunywa, kaniki niliyojifunga, vyote vilikuwa sadaka za watu wa mbali nisiowajua. Sista akitugawia husema, "Mwombeeni aliyetoa." Nami naomba, lakini moyoni nasema: siku moja nitakuwa mimi huyo anayeombewa.

Nilipoolewa, mume wangu alipata kazi ya kuangua nazi katika shamba la Mzungu huku kisiwani, tukahamia. Wakatoliki tulikuwa saba tu. Majirani wote ni Waislamu, na hawakututenda ubaya. Tulisalimiana, wakauliza hali, wakapita. Ila kuingia kwangu na kukaa kitako, hapana.

Padri alikuja mara moja kwa mwaka na mashua ya misheni, akasomea misa nyumbani kwetu. Misa ikiisha hupokea alichonacho kila mtu, akawapelekee mayatima, kule kule nilikolelewa. Mwaka ule nilikuwa na kikapu cha mchele. Nimelima mwenyewe, nimepura mwenyewe, nimetwanga mpaka viganja vikachubuka. Basi siku mbili kabla ya misa, pale kisimani, nikajishaua mbele ya wanawake.

"Jumapili asubuhi kuna sadaka kubwa kwangu!"

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, bibi mtu mzima mwenye ulimi kama wembe, akatua mtungi wake. "Kwako wewe? Sadaka?"

"Ndiyo, bibi. Kubwa."

"Haya. Tumesikia."

Jumapili jua halijachomoza vizuri, padri yumo ndani anasali kwenye kitabu chake, mimi nafagia uani. Nikasikia hodi. Yule bibi mbele, nyuma yake wanawake, wazee, watoto na mabakuli yao. Wakatandika mikeka, wakakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanyoosha shingo kuelekea jikoni. "Mbona sioni moshi?"

"Moshi wa nini?"

"Wa nini! Sadaka gani haina moshi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu misheni sadaka ni kile unachompelekea padri. Kwao sadaka ni chungu jikoni: unapika, unaita majirani, wanakula, wanakuombea dua. Nami nilikuwa nimewaita watu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mume wangu akanivuta pembeni. "Waambie ukweli. Waambie umekosea neno."

Nikawatazama wale watoto na mabakuli yao. Mimi nilishashika bakuli hivyo. Najua linavyokuwa zito likirudi tupu. Na hao watu, tangu nifike, ndiyo mara ya kwanza wanakaa uani kwangu. Nikaingia ndani, nikachukua kikapu pale chini ya meza iliyotandikwa kwa misa, nikatoka nacho bila kumwambia padri neno. Machozi yalinitoka wakati naosha mchele, nikasingizia moshi, maana sasa ulikuwapo.

Bibi akaja kusimama mlangoni mwa jiko. "Kitoweo nini? Kama kuku, nani kachinja?"

"Papa mkavu wa nazi, bibi."

"Samaki hana mchinjaji. Tutakula." Akanitazama nikikoroga mchuzi. "Mbona huonji?"

"Siwezi. Nimefunga."

"Umefunga! Ramadhani imekuja lini bila mimi kuambiwa? Au umetutilia kitu humo?"

"Wallahi sijatia kitu," nikasema, nimesahau kama mimi ni mtoto wa masista. "Sisi hatuli wala hatunywi mpaka tukomunike, tule mkate mtakatifu, kwenye misa."

Kisha akachota kwa upawa, akajimiminia kiganjani, akaramba. "Chumvi haitoshi. Lakini kwa mtu aliyefunga, umejitahidi."

Walikula wakamaliza, mpaka ukoko. Wakaniombea dua. Mimi, jamani, niliombewa kwa jina langu, mikono yote ile imeinuliwa.

Padri akasoma misa yake imechelewa, wao wamekaa pembeni kimya. Baadaye akapokea vitu: huyu mayai, yule nazi. Zamu yangu nikampa kikapu kitupu.

"Baba, nilikuwa na mchele wa mayatima. Nimewapikia majirani."

Yule bibi alikuwa ameshasimama.

"Mchele wa nani?"

"Wa mayatima, bibi."

"Ewe mtoto! Umetulisha mali ya yatima? Unataka tuwake moto tumboni, kama Kitabu kilivyosema?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia tulichokula? Inukeni!"

Wakaondoka wote. Uani ikabaki mikeka. Nikasema moyoni: basi, nimekosa huku na huku. Mayatima hawana mchele, na majirani sinao tena.

Alasiri tukamsindikiza padri pwani. Maji yalikuwa yanajaa, wanapandisha mizigo, nikaona watu wanashuka kwa njia ya minazi. Wamejitwika. Mchele, nazi, muhogo, mkungu wa ndizi, kuku wawili wamefungwa miguu. Bibi ndiye aliyetangulia.

"Bwana padri, pokea. Hiki ni cha wale watoto."

"Lakini mama, wali ule mlipewa na mwenyewe."

"Alitupa, ila hakutuambia ni wa yatima. Pokea."

Kikapu changu kilikuwa humo humo katikati, kimejaa mpaka ukingoni. Sijui nani alikichukua, sijui nani alikijaza. Padri akaondoka na mashua imekaa chini majini kwa uzito.

Tukabaki pale mimi na bibi. "Wewe," akasema, "hao watoto unawajuaje?"

"Nilikuwa mmoja wao."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye miguu yangu iliyojaa mchanga.

"Na leo umekula?"

Nikakumbuka kwamba tangu jana usiku sijatia kitu kinywani ila ile hostia ya misa. "Bado, bibi."

Akanishika mkono, akaniongoza, na njia nzima hakuuachia. Hakunipeleka kwangu. Aliniingiza kwake, ndani kabisa, akanikalisha kwenye mkeka wa chumbani, akanipakulia muhogo wa nazi.

"Onja," akasema. "Hiyo ndiyo chumvi."