Mpira wa Mzee Hauokotwi

Mimi niliacha shule darasa la sita, na wengi wa wale niliowaacha darasani leo wananunua mabati kwangu. Nilianza na mkungu mmoja wa ndizi pale Kebirigo. Sasa nina malori mawili na duka la hadiwea kule Masimba, na ukiulizia misumari pale, hata washindani wangu watakuelekeza kwangu. Nasema haya ujue kwamba mimi si mtu wa kutishwa na ua.

Lakini ua wa klabu ya gofu pale mjini ulinishinda miaka mingi. Enzi zangu za ndizi nilikuwa napita kando yake, naona watu wazima wanne, wenye akili zao, wanafuata kipira cheupe polepole. Kilichonishangaza hasa ni kimya chao. Mji wetu unaujua: ukinunua nyanya unapigiwa kelele, ukikataa kununua unapigiwa zaidi. Huko ndani mmoja akiinua fimbo, wengine wanasimama kama watu wanaoombewa. Nilijiuliza, wanasikiliza nini?

Mwaka huu nikaamua kuingia nijionee. Nikapewa fomu, na fomu ikataka sahihi ya mwanachama wa siku nyingi. Bila sahihi, hakuna klabu. Nikamfuata mwalimu mkuu mmoja mstaafu kutoka Ekerenyo, mzee wa maneno machache. Nilimwambia nimejifunza mwezi mzima na tayari napiga mbali kuliko vijana.

"Hata teke la punda linafika mbali," akasema. "Njoo Jumapili tucheze mashimo tisa. Nitatazama unavyotembea, ndipo nijue kama nitatoa kalamu."

Ilikuwa Jumapili kwa sababu sote wawili ni Wasabato. Jumamosi hata fimbo haishikwi. Mzee alikuja na mama mmoja wa kumbebea mkoba, rika langu, mtu wa upande wa Kisumu. Kikwetu hakijui, kwa hiyo tukabaki na Kiswahili. Mkoba wangu niliubeba mwenyewe. Nimebeba mikungu, nitashindwa na fimbo?

Mpira wangu wa kwanza ulikwenda, ukaenda kweli. Mzee alipoinama juu ya wake, nikamtia moyo: "Mwalimu, piga tu, Mungu yupo!"

Mzee akanyooka, akanitazama. Mama akanong'ona, "Tajiri, Mungu yupo, lakini wewe nyamaza. Na toka hapo nyuma yake, kivuli chako kimelala juu ya mpira."

Basi nikaanza kuuliza, na kuuliza ndiko kulikonitajirisha. Nisimame wapi? Kando, mahali anapokuona bila kukutafuta, na fimbo isikufikie. Simu je? Izime. Nani anatangulia kupiga? Aliye mbali zaidi na shimo, awe nani awe nani. Nikapiga, nyasi ikang'oka na udongo wake. Hapo sikungoja somo. Nilirudisha lile bonge mahali pake, nikalishindilia kwa kisigino kama mtu anayepanda mche wa majani chai.

"Huyu amelima," mama akasema.

"Nimelima na nimeuza," nikamjibu.

Tulipofika pale penye shimo, ambapo nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule, nilikata moja kwa moja kuelekea mpira wangu.

"We!" mama akaita. "Umekanyaga njia ya Mwalimu."

"Njia gani? Mimi sioni njia."

"Kutoka mpira wake mpaka shimoni. Haionekani, lakini ipo. Ukiacha alama ya hilo guu lako, mpira utayumba."

Nikasimama nikifikiri. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya kati ya wazazi na watoto wao. Mwanangu akishaoa, nyumba yake siingii. Mlango uko wazi, chai inanukia, na bado siingii, ingawa hakuna aliyechora mstari. Nikamwambia Mzee, "Kumbe hii njia ni nyumba ya mwana aliyeoa!"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi zunguka, baba mkwe."

Nikazunguka. Kwenye shimo la mchanga nikafuta nyayo zangu kwa reki kabla sijaambiwa. Vijana wawili wenye haraka walipotukaribia, mimi ndiye niliyesema tuwapishe. Nikaanza kuiona fomu yangu imeiva.

Shimo la saba, mama akaniambia chinichini kwamba Mwalimu hajacheza vizuri hivi mwaka mzima. Palepale mpira wa mzee ukaingia kwenye mikaratusi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuuona, kati ya mizizi miwili, umezama nusu. Kwetu kitu cha mzee kikianguka hakiachwi chini. Nikauokota, nikaufuta kwa leso, nikampelekea kwa mikono miwili.

Mama akashika kichwa. "Uuwi! Tajiri, umetuua."

Mzee hakupokea. Mikono yangu ikabaki hewani.

"Mpira wa mtu hauokotwi," akasema kwa sauti ya darasani. "Unachezwa ulipolala. Ulilala wapi?"

Hatua mbili tu kutoka kwenye mizizi palikuwa na nyasi safi, na hakuna aliyeona ila mimi. Nilivyolelewa, mzee hupewa kiti kizuri. Nikamuuliza wazi, "Mwalimu, nikuonyeshe ulipolala, au nikupe mahali pa heshima yako?"

"Ulilala wapi?"

"Kwenye mizizi, Mwalimu. Na ulikuwa umezama."

"Urudishe."

Nikapiga magoti, nikaurudisha vilevile. Mzee alipiga mara tatu kabla haujatoka. Mara ya pili uligonga mzizi ukarudi kwenye kiatu chake. Sikusema hata pole. Mashimo mawili yaliyobaki niliyacheza nikijua fomu imekufa. Lakini kichwani nilikuwa nauliza tu: mchezo gani huu, ambao kumheshimu mzee ni kumrudishia taabu yake?

Mwishoni mzee akavua kofia, akanipa mkono, akamshika mama naye mkono. Tukaketi barazani, chai ikaja.

"Lete fomu."

Aliisoma yote, akasahihisha tahajia yangu mahali pawili, kisha kalamu ikasimama kwenye swali moja: umemjua mwombaji kwa muda gani? Akaandika, akanigeuzia nisome. *Mashimo tisa.*

"Mwalimu, kamati itakubali kweli? Hao wanataka miaka."

"Nina watu niliowajua miaka arobaini," akasema, "na sijui mipira yao hulala wapi."

Akaweka sahihi, akaipuliza wino ukauke, kisha akaniagiza nikamwitishie chai ya pili, isiyo na sukari.