Kura ya Shituru, Kura ya Kapolowe

Nilizaliwa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na hata nilipokuwa tayari mama wa watoto nilidhani jimbo zima linawaza kama sisi. Kwetu siasa ilikuwa umeme na kazi. Umeme ukikatika, mashine za kusaga zinanyamaza, na mimi ninayeuza unga wa bukari, ugali wetu wa mahindi, sokoni Likasi nakaa bure.

Kampeni zilipoanza, wanawake wa soko walinipa kazi ya kusema kwa niaba yao, kwa kuwa siogopi watu. Chama chetu kilitaka vijiji pia, maana wabunge wa jimbo, wa mjini na wa vijijini, huketi pamoja Lubumbashi, na ndio wanaomchagua gavana. Nikajitolea kwenda Kapolowe, ambako mdogo wangu wa kike ameolewa na mkulima.

Aliwakusanya wanawake wenzake nyuma ya kanisa. Nilizungumza vizuri, najijua. Nilieleza giza la mjini, vijana waliosoma wakakosa ajira, viongozi waliochoka. Walisikiliza kwa adabu, wakanishukuru. Mdogo wangu ndiye aliyesimama.

"Yaya, dada yangu, huku umeme haikatike," akasema, "sababu haiyafika bado. Miye niko na shida ya daraja."

Wakacheka wote, nami nikakasirika. Tulipukuchua mahindi mchana kutwa tumepeana migongo.

Asubuhi akanipeleka mtoni. Mbao za daraja zilikuwa zimeoza na lori halikuweza kupita, kwa hiyo wanawake walikuwa wakivusha majini mahindi ya kuuzwa Likasi, kila gunia likigawanywa katika mabeseni. Nikajitwika beseni nikaingia. Maji yalinifika kiunoni, miguu ikateleza, na mdogo wangu akanishika mkono hadi ng'ambo. Huko akaniambia kwamba mbunge wao, yule tuliyekuwa tukimcheka mjini, ndiye peke yake aliyewahi kuwaletea mbao. Hawakuona sababu ya kumwacha.

Sikubadili chama. Mdogo wangu naye hakubadili chake. Siku ya kura sisi wa mjini tulipitisha mtu wetu, na wao wakamrudisha wa kwao, kama walivyoniambia.

Mbunge wetu alipokuja Shituru kushukuru, nilisimama nikamwomba alisemee daraja la Kapolowe. Akatabasamu, akajibu kwamba wale ni wapigakura wa mwenzake, tena mpinzani.

"Daraja ni lao," nikamwambia, "lakini bukari tunakula siye."

Wanawake wa soko waliitikia kwa sauti moja, na ilimbidi aahidi. Hatukumwacha na ahadi yake. Kila aliporudi mjini alitukuta mlangoni kwake, mpaka akakutana na yule mpinzani na hoja wakaipeleka bungeni pamoja. Mbao mpya zilipigiliwa kabla ya mvua, na lori la kwanza lililovuka lilimleta mdogo wangu amekaa juu ya mahindi yake.

Umeme bado unakatika. Ndiyo maana wanawake wa soko wananitaka nigombee mwenyewe uchaguzi ujao, nami nimekubali. Nitaanza na mashine za kusaga, halafu barabara ya Kapolowe. Mdogo wangu anasema hata angekuwa mpigakura wa Likasi, kura yake nisingeipata. Namwamini, na nimemwomba aje anisaidie kampeni.