Binti Yangu Aliyebaki Kwenye Kishikwambi

Siku uvumilivu uliponiishia sikupiga kelele. Nilimtoa nesi kishikwambi mkononi, nikakilaza juu ya mizani ya watoto, pale pale binti yangu alipokuwa ametoka kulazwa, nikasema, "Haya sista, mpime huyo unayemtaka wewe."

Foleni nzima ikageuka kututazama. Kisha mama mmoja nyuma yangu akacheka ndani ya kitenge chake, na mshale wa mizani ukasogea kidogo, maana kishikwambi nacho kina uzito. Naukumbuka ule mshale kuliko uso wa nesi. Ulitikisika, ukatulia, kana kwamba kweli kulikuwa na mtoto.

Ilikuwa kliniki mojawapo ya mjini Bukoba, asubuhi ya ile mvua inayokuja kutoka ziwani bila haraka, inayoloweza nguo kabla hujajua kwamba inanyesha. Nesi alikuwa ameniambia binti yangu hajachomwa sindano hata moja tangu ile ya kuzaliwa. Nikampa kadi. Ilikuwa imejaa, na muhuri wa zahanati ya Ijumbi kwenye kila mstari. Akaitazama, akanirudishia.

"Kadi hata nyumbani mtu anajijazia, mama. Hiki hakidanganyi."

Hapo ndipo nilipokichukua hicho kisichodanganya.

Kishikwambi kilimtaka mwanangu aanze upya sindano zote za paja, na kisanduku cha surua kisingefunguka mpaka hizo za nyuma zijazwe. Za Ijumbi nesi hakuweza kuzijaza, programu ya kishikwambi ilimruhusu kuandika zilizochomwa pale tu. Na umri wa surua ulikuwa unakuja. Kwa hiyo ama mwanangu achomwe tena dawa alizokwisha kuchomwa, ama afike siku ya surua akataliwe na mashine. Nikigoma, jina langu linapelekwa kwa mtendaji wa mtaa kama mzazi mtoro. Mimi, niliyembeba mtoto mgongoni kwenye utelezi wa Ijumbi kila tarehe niliyoandikiwa.

Ilivyotokea ni hivi. Kwetu mtoto hapewi jina wodini. Jina linamsubiri babu yake. Kwa hiyo nilipojifungua mjini, waliandika wanavyowaandika wote: "Mtoto wa", halafu jina langu. Uzazi wa kwanza, nikaenda kwa mama yangu Ijumbi kulelewa, nikakaa huko miezi. Baba mkwe akaja kutoka Kagoma amevaa koti, akakaa, akanyweshwa, akambeba mjukuu wake muda mrefu, halafu akamtaja jina. Kuanzia hapo binti yangu akawa mtu. Zahanati ya Ijumbi ikamwandika upya kwenye kishikwambi chao, kwa jina lake. Yule "Mtoto wa" wa Bukoba akabaki alivyo, hajatajwa, hajachomwa, hajapimwa tena.

Ndani ya ile programu nina watoto wawili, na kishikwambi cha Bukoba kinamwona wake tu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye msomi wetu wa kompyuta. Ana chumba juu ya duka la zamani la Wahindi ambao wenyewe walishahama, sakafu ya mbao, dirisha linalotazama mabati yenye kutu, na humo anatengeneza kompyuta za watu na kutafsiri programu kwa Kiswahili. Nilipoingia alikuwa ameshasikia.

"Kumbe ni wewe uliyekipima uzito kishikwambi," akasema. "Kina kilo ngapi, wifi? Kinanyonya vizuri?"

Nikamwambia asinichokoze. Akanipa kiti, akambeba mtoto, akanieleza kitu ambacho sikukijua. Programu ile si mali ya kliniki wala ya serikali. Ni programu huria. Imeandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma na yeyote anaweza kupendekeza kipengele kipya. Nikauliza, yeyote ni nani? Akasema hata mimi. Akaniambia niache kugombana na nesi, yule anabonyeza tu. Nigombane na walioandika. Lakini kule hawagombani. Kule watu wanaandika pendekezo la usanifu: tatizo ni nini, nani linamgusa, kipengele kifanyeje kazi, njia nyingine ni zipi, hatari zake ni zipi.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Insha nilikuwa napata. Nikasema nitaandika.

Nilirudi Ijumbi kuandikia huko, kwa mama. Kumbukumbu yangu ya siku zile ina ukungu, na siyo kwamba nazisahau. Zilikuwa hivyo zenyewe. Asubuhi kibanja kilikuwa hakionekani mwisho wake. Migomba ilisimama mmoja mmoja ndani ya weupe, majani yanadondosha maji, na mtu akipita njiani unasikia kikohozi chake kabla ya kumwona. Nilikaa mlangoni na simu, binti yangu amelala pajani, na kwa kidole kimoja nikaandika. Akiamka nikamnyonyesha, akilala nikaendelea. Wakati mwingine nilisinzia katikati ya sentensi, na sentensi ikaendelea usingizini, nzuri kuliko niliyoiandika, nikiamka haipo.

Na ndipo nilipoanza kumwona yule mwingine.

Sisemi mzimu. Mimi ni Mlutheri, na si mtu wa mambo hayo. Nasema nilikuwa nimechoka, mtoto ameegemea kifua changu ana joto, na pale kati ya migomba nikamwona mwenzake amekaa chini, mkubwa uleule, kichwa kilekile, hana jina la kumwitia. Hakulia. Alikuwa anasubiri kama wanavyosubiri watoto wa foleni. Nikajikuta namwonea huruma. Nikajiuliza analala wapi ndani ya kishikwambi, kama kuna giza nesi akikizima. Halafu wangu akanipiga teke, ukungu ukapanda, pale chini palikuwa na kisiki cha mgomba na kuku.

Hasira ilikuwepo muda wote. Ilikaa tu vizuri ndani ya ule utulivu, kama kaa chini ya majivu, na mimi nikiandika ninaipuliza.

Sehemu ya tatizo niliimaliza kwanza, nikamtumia wifi. Akanipigia simu.

"Wifi, hapa umewatukana."

"Sijawatukana. Nimewaeleza."

"Umewaita vichwa maji."

"Ndiyo maelezo yenyewe."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza, halafu akaifuta yote. Akasema kule mtu hasomi hasira, anasoma hoja. Aliweka maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu yalikuwa safi mno: kwamba katika baadhi ya mazingira rekodi ya mtoto inaweza kujirudia. Inaweza. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba wamempasua mwanangu vipande viwili wakakilisha kimoja na kukinyima kingine.

Lakini kipengele chenyewe nilikibuni mimi, na wifi hakukigusa. Nilikiita Ni Huyu? Wazo lilinijia nikimwangalia mama anavyopokea wageni. Akija mtu asiyemjua, mama haanzi na jina lake. Anamuuliza wa nani, mama yake anatoka kwa akina nani, alizaliwa upande gani. Jina linakuja mwisho, likichelewa si kitu, huyo mtu ameshafahamika. Basi na kishikwambi kifanye hivyo. Mtoto mgeni akifika, kiulize mama yake ni nani, alizaliwa siku gani, alizaliwa wapi. Kikikuta mahali pengine kuna mtoto wa majibu yaleyale, kipeleke swali kwa nesi wa huko: ni huyu? Nesi akisema ndiye, kadi mbili ziwe moja, na jina la zamani lisifutwe, likae chini ya jipya. Mtandao ukikosekana, maana kwetu milimani unakosekana unavyotaka, swali lisubiri, na mtoto asinyimwe sindano wakati linasubiri.

Wifi akauliza, na mapacha? Mama mmoja, siku moja, mahali pamoja. Kitawaunganisha wawe mtoto mmoja, tuwe tumefanya dhambi ileile kinyumenyume. Nikaona pendekezo langu linakufa. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. Nikamweleza shida, nikidhani hataelewa habari za programu.

"Waitu jamani, hao watu wako hawajui mapacha?" akasema. "Pacha hasubiri babu. Anazaliwa na jina lake."

Kweli. Kwetu majina ya mapacha yanajulikana kabla hawajazaliwa, wa kwanza ana lake na wa pili ana lake. Hakuna pacha anayeandikwa "Mtoto wa" peke yake kama mama yake anajua anachofanya. Wifi alisema watu wa nchi nyingine hawana desturi hiyo, kwa hiyo tukaongeza kwamba kishikwambi kiulize pia kama mtoto alizaliwa peke yake. Lakini kwenye sehemu ya hatari niliacha maneno ya mama yalivyo.

Wifi akaliweka kwa Kiingereza, akalituma. Siku zilizofuata nilitembea kama mtu aliyeshiba. Mwanangu alijifunza kukaa bila kushikwa. Niliota mchana, macho wazi, kwamba mahali fulani mbali, kwenye chumba chenye taa nyingi, watu nisiowajua wanalisema jina la Ijumbi wakilikosea, wanauliza kuhusu mapacha, wanaanza kuandika msimbo. Nikamwona yule mtoto wa kwenye migomba anasimama, anapangusa makalio, anakuja kwetu.

Jibu lilifika nikiwa nimerudi Bukoba. Wifi alinisomea kwa Kiswahili, taratibu, mtoto anatambaa kwenye zile mbao. Mtunzaji wa mradi, yaani msimamizi wa programu ile, alishukuru sana. Alisema pendekezo limeandikwa vizuri na kwamba sehemu ya mapacha imemfurahisha. Aliweka alama ya tabasamu. Halafu akasema ni hali nadra, kwamba kwa miaka yote hiyo hawajapokea lalamiko la mtumiaji hata mmoja kuhusu jambo hili, na kwa sababu hiyo wanalifunga kwa sasa.

"Mtumiaji ni nani?" nikauliza.

"Ni nesi," akasema wifi. "Mimi na wewe hatukitumii. Mtoto hakitumii."

Nikambeba binti yangu mgongoni, nikaenda kliniki moja kwa moja. Nesi aliponiona alikikumbatia kishikwambi. Nikamwambia leo sikuja kupima mtu. Nikamuuliza kwa upole niliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi, kwa nini hajawahi kulalamika. Akatazama mlangoni kwanza.

"Hata mimi najua ni huyuhuyu, mama. Lakini nikilalamika wakubwa wataniuliza mbona wenzangu wanaweza."

Na wenzake hawawezi. Nilikaa kwenye benchi pale nje, nikawauliza akina mama waliokuwa kwenye foleni, wa Rubafu, wa mjini, mmoja alitoka Muleba usiku. Karibu kila aliyezalia mjini akaenda kulelewa kwao alikuwa na "Mtoto wa" wake mahali fulani. Wengine walikubali mtoto achomwe upya ili yaishe. Mmoja aliona aibu ya kuitwa mtoro, akaacha kuja mpaka siku hiyo. Walikuwa wanaongea chinichini, watoto wanachezea ncha za vitenge, mvua imeanza tena, na mimi nikawaona wote wale wengine, watoto wasiotajwa, wamejipanga chini ya michirizi ya bati, wametulia, wengi kuliko sisi.

Nadra.

Nikaelewa pendekezo letu lilivyokufa. Tulikuwa tumelisafisha mpaka hakukuwa na mtu anayeumia ndani yake. Nesi anaogopa, mama anaona aibu, wifi anafuta, na kule mbali mtu mwenye adabu zake anaona ukimya, anasema mambo ni mazuri.

Nilimwambia wifi anifungulie ukurasa wa mradi, ile sehemu ya malalamiko, na asiguse kitu. Akauliza kama aniwekee kwa Kiingereza. Nikamwambia fomu haikusema lugha gani, watatafuta mtu wa kuwasomea, kama mimi nilivyotafuta. Ilianza na swali kwamba mimi ni nani katika mradi: mtumiaji, mtengenezaji, mtafsiri, au mwingine. Nilichagua mwingine. Niliandika nimesimama, mtoto mgongoni, nikimtikisa alale. Hii ndiyo niliyotuma.

Kwa watunzaji wa mradi.

YAH: LALAMIKO RASMI KUHUSU WATOTO MNAOWAGAWA

Mimi ni mama wa mtoto aliyemo kwenye programu yenu mara mbili. Mlisema hamjawahi kupokea lalamiko. Hili hapa mmelipokea.

Nalalamika kwamba programu yenu inamtaka mtoto awe na jina siku anayozaliwa, na asiyekuwa nalo inamfanya mtu mwingine akishalipata. Nalalamika kwamba haiamini kadi yenye muhuri wa zahanati. Nalalamika kwamba inamfungia mtoto sindano ya surua kwa kosa ambalo ni lenu. Nalalamika kwamba inaniita mtoro mbele ya watu. Nalalamika kwamba wanaobonyeza wanaogopa kuwaambia, na nyinyi ukimya wao mmeuita ushahidi.

Neno "nadra" nalikataa. Nimekaa kwenye foleni moja ya mji mmoja, nimewasikia kwa masikio yangu. Sijahesabu, kwa sababu kuhesabu ni kazi ya programu yenu.

Sitaki pole wala alama ya tabasamu. Naomba mambo mawili. La kwanza, pendekezo liitwalo Ni Huyu? lifunguliwe tena na lalamiko hili liambatishwe. La pili, wakati mnajadiliana, kile kisanduku cha surua kiondolewe kufuli. Wifi yangu ameusoma msimbo wenu, anasema ni mstari mmoja na yuko tayari kuwatumia marekebisho leo.

Binti yangu anafikisha umri wa surua mwezi huu. Nitampeleka.